Jumba la Stra na Dari Yake

Ipo aina ya nyumba ambayo mwenyewe huijenga si kwa ajili ya kulala wala kupika, bali ili wapitao njia wapate kujua yeye ni nani. Jumba la Pisani lililoko Stra, kaskazini mwa Italia, kando ya mfereji wa Brenta, ni la aina hiyo. Nimeamua kulizungumzia katika kitabu hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba limesifiwa mno, na sifa zake nyingi hupokewa bila kuulizwa. Ya pili ni kwamba ndani yake mna mchoro wa dari ambao nauhesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa za karne ya 18, na hata hivyo kila niutazamapo nahisi nadanganywa. Hilo la pili ndilo linalonisumbua. Je, kazi iliyofanywa kwa kusudi la kumsifu tajiri aliyeilipia inaweza kuwa nzuri kweli? Na kama ni nzuri, sisi tusio na deni lolote kwa tajiri huyo tuitazame vipi?

Tuanze na maji, kwani bila maji jumba hili halielezeki. Mto Brenta hutoka milimani, na hapo kale ulimwaga maji na tope lake katika ghuba ya chumvi, yenye kina kifupi, inayouzunguka mji wa Venezia. Watu wa Venezia waliogopa tope hilo kama walivyomwogopa adui, maana ghuba ikijaa, mji wao ungekuwa mji wa nchi kavu, usio na ngome wala bandari. Kwa hiyo walichimba kwa karne kadhaa, wakauhamisha mkondo mkuu wa mto, na tawi la kale wakaliacha liwe mfereji mtulivu, wenye malango ya maji huko Stra, Dolo, Mira na Moranzani. Mfereji huo ukawa barabara kuu kati ya Venezia na Padova. Mashua ya abiria iliyoitwa burchiello ilivuka ghuba, kisha ikavutwa polepole na farasi waliotembea ukingoni. Abiria hakuwa na la kufanya isipokuwa kula, kusengenya na kutazama nyumba za watu. Mwenye kujenga ukingoni alijua hivyo. Alijua pia kwamba mtazamaji wake hapiti mbio. Atakuwa mbele ya nyumba kwa dakika nyingi, naye ataihesabu madirisha.

Inafaa pia kuuliza fedha zilitoka wapi. Mwaka 1405 Venezia iliuteka mji wa Padova, na mashamba ya bara yakaanza kuingia mikononi mwa makabaila wa mji ule wa majini. Baadaye, mwaka 1498, Vasco da Gama alipata rubani kwetu Malindi na kuvuka mpaka Calicut; habari hiyo ilipofika Venezia iliwatia hofu, kwa kuwa utajiri wao ulitegemea sana viungo vilivyopitia Misri. Si kweli kwamba biashara yao ilikufa palepale, maana katika karne hiyohiyo ya 16 ilisimama tena kwa muda. Lakini fedha zilikuwa zimeanza kuhama jahazini na kwenda shambani. Nyumba za mwanzo za bara zilikuwa nyumba za kazi, ambamo bwana alikuja kusimamia mavuno na kuhesabu magunia. Kadiri miaka ilivyopita, mavuno yakawa kisingizio tu. Ikawa desturi kuhamia huko mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai, na tena kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, kwa karamu, kamari na muziki. Asiyekuwa na nyumba ukingoni alionekana ameanguka, na waliokwisha kuanguka walikopa ili wasionekane.

Katika mazingira hayo ndipo ukoo wa Pisani ulipoanza kujenga huko Stra mapema karne ya 18. Alvise Pisani alikuwa amewahi kuwa balozi wa Venezia katika utawala wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, na aliiona Versailles kwa macho yake. Mwaka 1735 alichaguliwa kuwa Doge, yaani mkuu wa Jamhuri. Mbunifu wa kwanza alikuwa Girolamo Frigimelica, mtu wa Padova, aliyepanga bustani, mzingile wa miti na jengo la farasi. Alifariki mwaka 1732, na jumba lenyewe likakamilishwa kwa mpango wa Francesco Maria Preti, kazi iliyoendelea hadi miaka ya 1750. Alvise alifariki mwaka 1741, kwa hiyo hakuliona likiwa limekamilika. Waongozaji wa wageni husema lina vyumba 114, kwa heshima yake kama Doge wa 114. Mimi hesabu hiyo hunifikirisha kwa namna nyingine. Vyumba 114 si mahitaji ya ukoo wowote, hata uwe na watumishi wangapi. Nyumba ambayo idadi ya vyumba vyake imetokana na cheo cha mwenyewe, na si na idadi ya vitanda, imekwisha kutuambia kazi yake.

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Hapa Stra mlango umepewa kazi yote. Sehemu ya katikati ya uso unaotazama mfereji ina nguzo ndefu zilizoshikamana na ukuta, na pembetatu ya mawe juu yake kama ya hekalu la kale. Chini, sanamu kubwa za wanaume zimeinamisha vichwa kana kwamba zimebeba uzito wote wa roshani. Nilizitazama sanamu hizo kwa muda mrefu. Kwa mtu anayetokea majini, hao ndio watenda kazi pekee anaowaona, nao ni wa mawe. Hawachoki, na hawadai ujira. Wale waliochimba mfereji, waliofyatua matofali na waliolipa kodi ya mashamba hawana alama yoyote usoni mwa nyumba. Sisemi hili kama lawama ya kisiasa, maana ningesema hivyohivyo juu ya majumba mengi duniani. Nalisema kama mhakiki: jengo limechagua la kuonyesha na la kuficha, na uchaguzi huo ni sehemu ya sanaa yake kama zilivyo nguzo.

Ukipita katikati ya jumba na kutokea nyuma, unakutana na mandhari ambayo imepigwa picha kuliko kitu kingine chochote cha Stra. Ni bustani ndefu, yenye bwawa la maji lililonyooka kama rula, na mwisho wake jengo la fahari lenye nguzo na mabawa mawili. Mgeni hudhani hilo ni jumba jingine, pengine la mtoto wa kwanza wa ukoo. La hasha, ni jengo la farasi. Frigimelica alilipa uso wa ikulu ili macho ya bwana aliyesimama dirishani yapate pa kutua. Na lile bwawa? Halikuchimbwa na ukoo wa Pisani hata kidogo. Lilichimbwa mwaka 1911 na wataalamu wa Padova waliochunguza mwendo wa maji, ili wapate mahali pa kufanyia majaribio. Nathubutu kusema kwamba ndilo jambo zuri kuliko yote katika bustani ile. Kabla yake palikuwa na nyasi na vitalu vya maua kati ya majengo mawili yanayotazamana. Baada yake kila jengo lilipata kivuli chake majini, na anga ikashuka chini. Uzuri ambao makabaila waliutafuta kwa karne nzima ulikuja kukamilishwa na watu waliokuwa wanatafuta vipimo. Wageni wengi hawaambiwi hivyo, au huambiwa kwa haraka, kwa sababu ukweli huo hauafikiani na hadithi ya ukoo.

Mzingile nao unastahili neno. Ni njia nyembamba zilizozungushwa kwa ua wa miti mirefu kumzidi mtu, na katikati upo mnara mdogo wenye ngazi za kuzunguka nje na sanamu ya Minerva juu yake. Anayepanda mnara huwaona wote waliopotea chini. Watoto hufurahi sana, nami pia nilifurahi. Katika eneo zima la Stra, hapo ndipo mahali pekee ambapo mgeni hatakiwi kusimama na kustaajabu, bali atumie miguu na akili yake. Kwa hiyo naupa mzingile heshima kuliko vyumba vingi vya ndani, ambavyo vimejaa viti visivyokaliwa.

Sasa tuingie ukumbi wa dansi, kwani ndiko nilikotaka tufike. Kati ya mwaka 1760 na 1762, Giambattista Tiepolo alichora dari ya ukumbi huo kwa rangi zilizopakwa juu ya lipu mbichi, ambapo mchoraji hana budi kumaliza kila sehemu kabla haijakauka. Nguzo na mapambo ya kuigiza yanayoizunguka dari yalichorwa na Pietro Visconti, na mwanawe Tiepolo, Giandomenico, alisaidia kwa picha za rangi moja zinazofanana na sanamu za mawe. Kichwa cha kazi hiyo ni utukufu wa ukoo wa Pisani. Watu wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, wamekaa mawinguni katikati ya sanaa, amani, wingi wa mavuno na fadhila nyingine zilizopewa umbo la binadamu, huku malaika wa Sifa akipuliza tarumbeta angani.

Kwa kusikia tu, mtu atasema hayo ni majivuno matupu. Lakini msomaji, hebu simama chini yake. Kitu cha kwanza unachokiona si ukoo wa Pisani. Ni anga. Sehemu kubwa ya dari imeachwa bila mtu, buluu iliyochanganyika na weupe wa asubuhi, na watu wamesukumwa pembezoni kama mapovu ufukweni. Mchoraji aliyelipwa ili awatukuze watu amewapa nafasi ndogo kuliko mwanga. Mawingu yanaonekana kusogea. Ukitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine, miili inayoelea hubadili uzito. Aliyekuwa anaanguka sasa anapaa. Nilikaa humo hadi shingo ikauma, na sikumkumbuka Doge hata mara moja. Huo ndio uwezo wa Tiepolo: alitimiza mkataba wake kwa uaminifu, kisha akachora kitu kikubwa kuliko mkataba.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo na kusema kwamba uzuri umeshinda na mambo yamekwisha. Sura za wale watoto wa ukoo zipo. Mtoto wa miaka 5 mwaka 1762 angekuwa na miaka 50 mwaka 1807, na mwaka huo wa 1807 ndio ambao ukoo wa Pisani, uliozama katika madeni, uliliuza jumba hili kwa Napoleon. Jamhuri yenyewe ilikuwa imekwisha kufa tangu tarehe 12 Mei, 1797. Miaka 35 tu baada ya rangi kukauka, hapakuwa tena na Doge wa kutukuzwa. Na miaka 45 baada yake, dari ya utukufu wa Pisani ilikuwa mali ya mtu mwingine. Tarumbeta ilikuwa inapulizwa bado, lakini waliotajwa hawakuwa na ufunguo wa mlango.

Je, hawakuonywa? Walionywa, tena kwa kicheko. Mwaka 1761, Tiepolo akiwa katikati ya kazi hii, Carlo Goldoni alionyesha Venezia michezo yake mitatu ya kuchekesha juu ya wazimu wa kwenda mashambani: familia zinazokopa nguo, farasi na mishumaa ili zisipitwe na jirani, kisha zinarudi mjini na aibu na hati za madeni. Watazamaji walicheka wakaenda zao kufunga mizigo. Mwaka 1762 wote wawili waliondoka Venezia, Goldoni akaenda Paris na Tiepolo akaenda Madrid kumchorea mfalme wa Hispania, na wote wawili walifia ugenini. Naziona kazi zao kama mashahidi wawili wa jambo moja. Mmoja alisema juu ya watu hawa yale waliyolipia wayasikie. Mwingine alisema yale waliyolipia wayacheke. Anayetaka kujua jinsi watu wale walivyokuwa, asimsikilize mmoja peke yake.

Baada ya kuuzwa, jumba lilipita mkono hadi mkono. Napoleon alimpa Eugène de Beauharnais, mwana wa mkewe, aliyekuwa akitawala Italia kwa niaba yake. Mwaka 1814 likaangukia kwa ukoo wa Habsburg wa Austria. Mwaka 1866, eneo la Venezia lilipoungana na Italia, likawa mali ya serikali, na baadaye makumbusho. Kisha tarehe 14 Juni, 1934, Mussolini alimpokea Hitler hapo katika mkutano wao wa kwanza. Inasimuliwa kwamba joto na mbu viliwasumbua, na mazungumzo yaliyofuata yakahamishiwa Venezia. Waongozaji hupenda kukitaja kisa hicho cha mbu, na wageni hucheka. Mimi naona swali zito limefunikwa na kicheko hicho. Kwa nini Mussolini alilichagua jumba hili? Kwa sababu ileile iliyomfanya Napoleon alinunue: lilikuwa tayari limejengwa kwa kusudi la kumfanya mtu aonekane mkubwa kuliko alivyo. Jengo la namna hiyo halina uaminifu kwa mtu. Lilimtumikia Doge, likamtumikia mfalme, likamtumikia dikteta, na kwa kila mmoja lilivaa uso uleule.

Hapa fikira zangu zilinipeleka kwenye utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, katika kizazi kilekile kilichoshuhudia jumba la Stra likiuzwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitazama magofu ya Pate na akaionya nafsi yake. Sina haja ya kunukuu. Wasomaji wengi wanaujua kwa moyo. Ninachotaka kusema ni kwamba mshairi wetu alikuwa na jambo moja ambalo mgeni wa Stra hana: kuta zilizoanguka. Gofu halihitaji mwongozaji. Mtoto akiliona popo na magugu katika ukumbi wa karamu ataelewa mwenyewe. Jumba la Pisani halikubahatika kuanguka. Kila mwenyewe alipotoweka, mwingine aliingia upesi, akapaka rangi, akaweka vitanda vipya. Kwa hiyo anguko lake limo ndani bila kuonekana, na mgeni hutoka akiwa amevutiwa na fahari, bila kuhisi kwamba amepita katika nyumba ambayo kila mwenyewe wake alishindwa.

Lawama yangu, basi, si juu ya Tiepolo, wala si juu ya Preti na Frigimelica. Ni juu ya namna historia ya jumba hili inavyosimuliwa mara nyingi, kana kwamba historia ya nyumba ni orodha ya wageni mashuhuri waliolala humo. Inasimuliwa kwamba Napoleon alilala usiku mmoja. Chumba kinaonyeshwa, kitanda kinaonyeshwa. Usiku mmoja wa mtu mmoja unapewa chumba kizima, na madeni ya miaka mingi yaliyolifikisha jumba mikononi mwake yanapewa nusu ya sentensi. Orodha ya wageni haiwezi kumfundisha mtu kitu, maana haina sababu wala matokeo. Ina majina tu.

Kama ningepewa siku moja ya kuwaongoza wageni, ningeanzia mfereji na matope yake, ili wajue kwamba ukingo ule ulitengenezwa kwa jasho kabla haujapambwa. Ningewapitisha bustanini na kuwaambia wazi kwamba bwawa ni la mwaka 1911. Kisha ningewaingiza ukumbi wa dansi na kuwaacha kimya kwa muda mrefu, watazame anga bila maelezo, kwa sababu anga ile ni ya kila mtu na haikuuzwa mwaka 1807. Wakishashiba ndipo ningewaonyesha watoto wa ukoo walioketi pembezoni mwa mawingu, na kuwatajia tarehe.

Hivyo ndivyo ninavyojibu swali langu la mwanzo. Naam, kazi ya kumsifu tajiri yaweza kuwa nzuri kweli, ikiwa mchoraji amejua jambo ambalo tajiri hakulijua. Sijui kama Tiepolo aliubashiri mwisho wa Venezia, na sidhani ni lazima awe aliubashiri. Lakini mkono wake uliwaweka watu wakubwa wa wakati wake mahali panapowastahili, wadogo, ukingoni, chini ya mwanga usiomilikiwa na yeyote. Nyumba iliyobaki chini ya dari hiyo ilitaka tuamini kinyume chake. Mimi nimechagua kuiamini dari.